Uchambuzi wa kisa: vioo vya Mjerumani katika jengo moja la Moshi

Kisa hiki kinahusu jengo la ghorofa moja mjini Moshi, mali ya taasisi ya dini. Jina la taasisi, mtaa na kila kinachoweza kulitambulisha jengo vimeondolewa. Kimeandikwa kwa ajili ya mafundi, wasimamizi na kamati za ujenzi ambao siku moja watakabidhiwa madirisha ya aina hii na kuambiwa "yatengenezeni".

Jengo na vioo vyake

Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911. Kabla ya hapo kioo chochote kilichoshushwa melini kililazimika kumalizia safari kwenye mkokoteni au kichwani mwa mpagazi. Jengo letu ni la miaka michache baada ya reli. Lina kuta nene za mawe, veranda mbele, na madirisha marefu ya shata mbili za mbao ngumu. Kila shata imegawanywa kwa vipapi, yaani vijiti vya mbao vya kati, na kuchukua vioo vidogo sita. Udogo huo haukuwa urembo tu, kwa sababu kioo kikubwa kilikuwa ghali na kilivunjika njiani kirahisi.

Wenyeji huviita "vioo vya Mjerumani", na ukisimama uani jioni utaona kwa nini hawavichanganyi na vingine. Waya wa umeme uliopita mbele ya jengo, ambao ni mnyoofu kabisa, kwenye vioo hivyo unaonekana umepinda, unakatika, kisha unaungana tena kwenye kioo cha jirani. Ukisogea karibu utaona vipovu vidogo vya hewa vilivyovutwa vikawa virefu kama punje za mchele, vyote vikielekea upande mmoja.

Alama hizo zinaeleza kioo kilivyotengenezwa. Fundi alichota kioo kilichoyeyuka kwa ncha ya bomba la chuma, akakipuliza huku akikizungusha na kukining'iniza mpaka kikawa silinda ndefu. Ncha zote mbili zilikatwa, silinda ikapasuliwa kwa urefu, ikarudishwa tanuruni ilainike na kulazwa bapa. Vipovu vilivutwa pamoja na silinda, ndiyo maana vina mwelekeo mmoja. Mashine za kuvuta kioo moja kwa moja kutoka tanuruni, kama ile ya Mbelgiji Émile Fourcault, zilianza kushika soko wakati Vita Kuu ya Kwanza inaanza. Kioo tunachonunua leo dukani, kiwe kimetoka China au kiwanda cha Mkuranga mkoani Pwani, kimemwagwa juu ya bati lililoyeyuka kikaelea na kusawazika chenyewe, njia iliyotangazwa na kampuni ya Pilkington ya Uingereza mwaka 1959. Kioo hicho ni safi, kimenyooka, na ukikiweka katikati ya vioo vya zamani kinaonekana kama shimo.

Hoja ya alumini

Taasisi ilitaka kukarabati jengo zima. Madirisha yalikuwa na matatizo ya kweli, na si haki kuwacheka waliotaka kuyang'oa. Shata za upande wa magharibi zilikuwa hazifungi. Mvua ya masika ilipenya ikalowesha faili. Puti, ule mkandiko wa chaki na mafuta unaoshikiza kioo kwenye mbao, ilikuwa imepasuka na kudondoka, vioo vinatikisika lori likipita, na vumbi la Januari lilijaa mezani kila asubuhi. Mkandarasi mmoja alileta makadirio ya alumini ya kusukuma yenye vioo vya rangi ya bluu, kazi ya wiki chache, bei imejulikana mapema.

Kwenye kikao cha kwanza mzee mmoja wa kamati, mtu anayeheshimika na aliyewahi kusimamia majengo mengi, alitoa hoja iliyowagusa wengi. Alisema kioo ni kimiminika kilichoganda, kinatiririka polepole, na kwamba vioo hivi vimeshashuka chini vikawa vinene upande wa chini na vyembamba juu. Kwa hiyo vimechoka, vitaanguka vyenyewe.

Hoja hii inasikika sana, hata kwa watu waliosoma, lakini si kweli. Kwa joto la Moshi, au la mahali popote ambapo binadamu anaishi, kioo cha dirisha hakitiririki kwa kiasi cha kupimika, si kwa miaka mia wala kwa maelfu. Unene hautofautiani kwa sababu ya uzee. Kioo cha kupulizwa kilizaliwa hivyo. Msimamizi wa kazi hakubishana. Alichukua kipande kilichokuwa kimevunjika siku za nyuma, ambacho bado kilikuwa na puti inayoonyesha upande uliokuwa juu, akakipitisha mezani pamoja na kalipa, kifaa cha kupimia unene. Juu kilikuwa na milimita 2.6, chini milimita 1.9.

"Haya mzee wangu, hiki kimepanda mlima," mwenyekiti alisema, na kikao kikacheka. Mzee mwenyewe alicheka pia, na baadaye ndiye aliyetetea vioo kwa nguvu zaidi.

Jambo moja lilipaswa kusemwa wazi pale: hakuna sheria iliyokuwa inawalazimisha. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja vitu vya kabla ya mwaka 1863. Jengo la baada ya hapo hulindwa likitangazwa rasmi, na hili halikuwa limetangazwa. Uamuzi ulikuwa wao.

Ukaguzi

Kamati iliahirisha uamuzi mpaka ukaguzi ufanyike. Kila dirisha lilichorwa kwenye karatasi, kila kioo kikapewa namba, na kando ya namba yakaandikwa mambo matatu: aina ya kioo, hali ya puti, hali ya mbao zinazokizunguka.

Matokeo yaliwashangaza. Zaidi ya nusu ya vioo vilikuwa vya kupulizwa. Vingine vilikuwa vya mashine ya kuvuta, vyenye mawimbi yaliyonyooka sambamba, pengine vya matengenezo ya katikati ya karne. Vilivyobaki ni vya kisasa. Na karibu kila palipokuwa na kioo cha kisasa, puti yake ilikuwa imepasuka zaidi ya ile ya zamani. Sababu iligundulika puti ilipobanduliwa: mafundi wa baadaye waliipaka juu ya mbao kavu. Mbao ilinyonya mafuta yote, ikabaki chaki tupu.

Jambo la pili lilikuwa muhimu zaidi. Mbao zilizooza zilikuwa chache, na karibu zote ni ubao wa chini wa shata za magharibi, mahali maji yanaposimama. Yaani tatizo lililokuwa linaonekana kama la madirisha yote lilikuwa la ubao mmoja katika shata chache, pamoja na puti na rangi.

Kamati iliamua kubakiza vioo vyote vya kupulizwa na vya kuvutwa vilivyo vizima, kutengeneza shata, na kuahirisha alumini. Sababu iliyoshinda, tuseme ukweli, haikuwa historia. Mama mhasibu aliuliza alumini ikiharibika magurudumu yake baada ya miaka kumi nani atakuwa na vipuri vya aina ileile, na mkandarasi hakuwa na jibu.

Kazi ilivyokwenda

Mpango wa kwanza ulikuwa kutoa vioo vyote, kupeleka shata karakana, kuzikwangua, kuzipaka rangi, kisha kurudisha vioo. Kwenye karatasi ulikuwa mpango safi. Dirisha la nyuma la stoo ya chini lilichaguliwa kuwa la majaribio, na hapo ndipo mpango ulipokwama. Puti ya mwanzo, ile ya mafuta ya kitani (linseed), ilikuwa imekuwa jiwe. Seremala, mtu mwenye mkono mwepisi, aliigonga kwa tindo ndogo na bado vioo vitatu kati ya kumi na viwili vilipasuka. Kioo chembamba kisicho na unene sawa hakivumilii kugongwa pembeni.

Fundi mmoja alishauri kostiki soda ilainishe puti. Ilikataliwa, kwani kostiki inakula uso wa kioo na inaharibu mbao. Bana ya moto, yaani kichomeo, nayo ilikataliwa. Moto ukielekezwa sehemu moja ya kioo, sehemu hiyo inatanuka wakati iliyo jirani bado ni baridi, na kioo kinapasuka. Isitoshe, rangi za zamani aghalabu zina risasi, yale madini yenye sumu, na ukiichoma unaivuta kwa pua. Kwa sababu hiyohiyo msasa mkavu ulipigwa marufuku saiti nzima, rangi ikakwanguliwa ikiwa imeloweshwa. Mafundi walikuwa wakinywa maziwa jioni "kusafisha kifua". Waliambiwa wanywe tu kama wanayapenda, lakini maziwa hayatoi risasi mwilini. Barakoa sahihi, kunawa mikono kabla ya kula na kutokwenda nyumbani na nguo za kazi ndivyo vinavyosaidia.

Suluhisho lilikuwa mvuke. Lilijengwa sanduku la plaiwudi lenye nafasi ya shata moja iliyosimama, na mvuke ukaletwa kwa mpira kutoka kwenye pipa dogo lililokaa juu ya jiko la gesi, lenye tundu la kutosha la kupumulia ili lisije likapasuka. Shata iliingia ikiwa baridi na kupashwa pamoja na sanduku. Baada ya saa moja hivi puti ilikuwa inatoka kwa kisu cha puti bila kugongwa. Shata iliachwa ipoe taratibu, na hakuna aliyeruhusiwa kugusa kioo chenye joto kwa kitambaa chenye maji. Njia hiyo haikuvunja karibu kitu.

Lakini majaribio yalikuwa yamebadilisha mpango wenyewe. Swali halikuwa tena "tutavitoaje vioo?" bali "ni vipi ambavyo lazima vitoke?" Karatasi za ukaguzi zilirudishwa mezani. Shata zilizooza ubao wa chini zilipaswa kuvuliwa. Nyingine zote zilibaki na vioo vyake: puti iliyolegea ikatolewa kwa mkono, iliyoshika ikaachwa, hata kama ni ya miaka mia na ina sura mbaya.

Stoo. Hapa ndipo hasara kubwa ilipotokea, na hakukuwa na kishindo chochote. Vioo vilivyotolewa vilisafishwa, vikafungwa na magazeti, vikapangwa vikiwa vimelala, rundo juu ya rundo, kwenye chumba cha nyuma. Masika yalipoanza, paa la chumba hicho lilivuja. Magazeti yakalowa, yakakaa hivyo hadi yalipofunguliwa. Vioo kadhaa vilitoka na mabaka meupe yenye rangi za upinde wa mvua, ambayo hayatoki kwa sabuni, siki wala spiriti.

Kinachotokea ni kwamba maji huvuta sodiamu kutoka kwenye uso wa kioo. Dirishani mvua inayofuata huisafisha, na hakuna madhara. Kati ya vioo viwili vilivyobanana maji hayo hayaendi popote, yanazidi kuwa makali kama magadi, yanaanza kuula uso wenyewe. Kioo kilichokaa dirishani miaka mia bila doa kiliharibika kwa miezi michache kikiwa "kimehifadhiwa". Vilivyobaki vilihamishiwa chumba kikavu, vikasimamishwa kwa ukingo juu ya vipande vya mbao, vikiegemea kidogo, kila kimoja kikiwa na nafasi ya hewa.

Cheche. Taasisi ilihitaji grili, na hilo lilieleweka, ofisi ina kompyuta. Fundi wa kuchomelea alikuja siku ambayo msimamizi hakuwepo, akakata nondo kwa grenda hatua mbili kutoka dirishani. Cheche za chuma zilizoyeyuka ziligonga vioo vya shata mbili zikajichimbia ndani. Baada ya mvua ya kwanza kila chembe ilipata kutu, na vioo hivyo leo vina madoadoa ya kahawia ambayo ukiyakwangua unabaki na vishimo. Grili zilizofuata zilitengenezwa karakana mwake na kufungwa kwa bolti, upande wa ndani.

Puti mpya. Madukani Moshi kinachoitwa puti mara nyingi ni ya kujazia mbao au ukuta. Ilibidi kukanda ya kioo pale pale: unga wa chaki na mafuta ya kitani yaliyoagizwa Dar es Salaam. Kwa kuwa mafuta hayo ni ghali, kundi moja lilijaribiwa kwa mafuta ya alizeti, ambayo Kanda ya Kaskazini hayana shida kupatikana. Yalikataa. Mafuta ya kitani hukauka kwa kushikana na hewa mpaka yakawa gumu, ya alizeti yanakauka nusunusu. Wiki kadhaa baadaye puti ile ilikuwa bado inanata, imejaa vumbi na sisimizi.

Mbao ilipakwa mafuta ya kitani kwanza na kuachwa inyonye, ndipo puti ikawekwa. Baada ya puti kupata ngozi ilipakwa rangi, na rangi ikapita juu ya kioo kwa milimita mbili hivi ili maji yasipate mwanya. Mafundi walizoea kuisawazisha kwa tepu ya karatasi ili mstari uishie kwenye puti, unaonekana nadhifu. Walielekezwa waache. Milimita hizo mbili ndizo zinazozuia mvua. Silikoni ilikataliwa kila ilipopendekezwa, kwa kuwa atakayekuja kubadilisha kioo miaka thelathini ijayo hataweza kukitoa kizima.

Matambara yaliyoloa mafuta ya kitani yalitupwa kwenye ndoo ya maji kila jioni. Yakirundikwa bila maji yanaweza kupata joto na kuwaka yenyewe. Mlinzi hakuamini, akaweka moja juani kwenye ndoo tupu pamoja na mengine yaliyosahaulika, na moshi ulipoanza akaja mwenyewe kuomba maji.

Hali ilivyo

Vioo vingi vya kupulizwa vimebaki, vingi vikiwa havijawahi kuguswa. Shata zinafunga. Masika yaliyofuata hayakuingiza maji ila kwenye dirisha moja la magharibi, ambako tatizo lilikuwa ufa wa ukuta juu ya fremu. Vioo vyenye mabaka vilipelekwa kwenye madirisha ya vyoo, mahali ambapo ukungu wake unafaa kuliko kioo kisafi. Mapengo yaliyobaki yalijazwa kwa vioo vilivyookolewa kutoka nyumba iliyokuwa inabomolewa, na palipokosekana kabisa kikawekwa kioo cha kawaida cha milimita tatu, mwaka ukiwa umekwaruzwa pembeni chini ya puti. Kioo kipya cha kupulizwa bado kinatengenezwa Ulaya, kwa mfano Waldsassen nchini Ujerumani, lakini gharama na usafiri vilikuwa nje ya uwezo wa taasisi.

Uchambuzi

Ukipanga hasara zote kwa sababu zake, picha ni ya ajabu kidogo. Karibu hakuna kioo kilichopotea kwa uzee, mvua, jua au upepo wakati wa kazi. Vilivyopotea vilipotea kwa tindo, kwa magazeti na kwa grenda, yaani kwa mikono ya watu waliokuwa wanavitunza au kufanya kazi jirani. Dirisha lenyewe ndilo lilikuwa stoo salama kuliko zote. Mpango wa kwanza, wa kutoa kila kitu, ulionekana wa kitaalamu zaidi kuliko wa pili, na ungemaliza nusu ya vioo.

Ukaguzi wa kioo kimoja kimoja ulikuwa kazi ya kuchosha, na wapo walioona ni kupoteza muda. Bila hiyo karatasi kamati isingejua kwamba mbao zilizooza ni chache, na alumini ingeshinda kwa sababu tu matatizo yote yangeonekana ni tatizo moja. Dirisha la majaribio lilichaguliwa vizuri pia: la nyuma, la chini, ambalo kulipoteza hakuumizi. Wengi huanza na la mbele kwa kuwa ndilo mwenye jengo anataka kuliona.

Udhaifu mkubwa ulikuwa mpangilio wa kazi kati ya mafundi. Fundi vioo na seremala walielekezwa vizuri, fundi wa kuchomelea hakuelekezwa kabisa, kwa kuwa mkataba wake ulikuwa wa grili na haukutaja vioo. Hata waashi nusura waharibu: plasta ya saruji ilirukia madirisha mawili, na ikaoshwa kwa maji mengi kabla haijakauka kwa bahati tu. Saruji mbichi nayo hula kioo. Mkataba wa kila anayekuja na moto, saruji au maji jirani na dirisha ulipaswa kuwa na mstari mmoja wa kumtaka afunike vioo kwa plaiwudi kabla ya kuanza.

Kuhusu stoo, kosa halikuwa kuvuja kwa paa. Paa la Moshi wakati wa masika huvuja, hilo linajulikana. Kosa lilikuwa kulaza vioo na kuviweka karatasi katikati. Vikisimama vyenye nafasi, vingelowa na kukauka.

Gharama nayo inahitaji kutazamwa sawasawa. Vifaa vilikuwa rahisi, fedha nyingi zilikwenda kwenye siku za mafundi. Kamati nyingi zinaona hapo hasara, kwa kuwa alumini inaonekana kama kitu ulichonunua. Ila fedha hiyo ilibaki kwa seremala na vijana wake wawili wa hapahapa, ambao sasa wanajua kukanda puti ya kitani na kuendesha sanduku la mvuke, na wameshaitwa kwenye jengo jingine upande wa Arusha.

Kilichobaki ni matunzo. Rangi ya upande wa magharibi itahitaji kurudiwa mapema kuliko pande nyingine, na mtunza jengo amepewa karatasi za ukaguzi pamoja na kopo la puti iliyofunikwa maji. Vioo vya akiba vimesimama kwenye chumba cha juu, mbali na bomba, na juu ya mlango kumebandikwa maelekezo kwamba havilazwi.